Maneno ya Généreuse Kabla ya Kichwa Kupanda

Mara ya kwanza kichwa chake kilipopanda, Généreuse Namegabe aliitisha salongo siku ya Jumatano, na avenyu nzima ikatii.

Salongo ilikuwa kazi ya umma ya Jumamosi. Kila raia alitoka na jembe au ufagio wake, akafagia na kufyeka, na asiyetoka alifuatwa nyumbani. Généreuse hakuwa na cheo chochote. Alikuwa mshonaji, mwanamke wa upande wa Bukavu aliyeolewa Goma, na mashine yake ya kushonea ilikaa barazani, karibu na kambi ya Katindo. Hapo aliwashonea makarani yale makoti yasiyovaliwa tai, abakosti, ambayo miaka ile kila mwanamume mwenye ofisi alilazimika kuwa nayo. Lakini asubuhi hiyo aliona wazi, kama mtu anavyouona mlima baada ya mvua kunyesha, kwamba avenyu ilikuwa chafu na kwamba jambo hilo lisingengoja Jumamosi. Alipita mlango kwa mlango akigonga sufuria. Aliongea Kifaransa. Watu wakatoka. Shefu wa avenyu naye akatoka, akadhani agizo limetoka kwa wakubwa wake, akaanza kuzoa mawe ya volkano kwa mikono mitupu. Walifagia mpaka jua likawa utosini, na hata wale wasiompenda walikiri baadaye kwamba avenyu haikupata kuwa safi namna ile.

Alichokosea ni kuendelea mpaka kwenye lango la kambi, awaagize na wanajeshi. Wanajeshi hawakufagia.

Waliomleta nyumbani ni mumewe, Edmond Buhendwa, karani katika ghala la kahawa, na mdogo wake Edmond, Bagalwa, dereva wa lori la maharagwe la kutoka Kiwanja. Bagalwa ndiye aliyemfunga. Alitumia kamba ya kufungia magunia, kwa kuwa ndiyo iliyokuwa karibu. "Shemeji," alimwambia, "nakufunga sasa." Akamfunga. Edmond hakufunga kitu. Yeye alisimama kando, akamwambia mkewe kwa sauti ya upole kwamba wanakwenda kumsalimu shangazi yake, na Généreuse, ambaye alimpenda sana shangazi huyo, akapanda lori bila kelele.

Hakukuwa na shangazi. Kulikuwa na chumba cha maombi cha watu fulani waliojulikana kwa kufukuza mashetani, na hapo walimwombea na kumnyima chakula mpaka akaanguka. Kutoka hapo alipelekwa kwenye dispanseri. Sindano ya kwanza ilimpinda shingo, akakaa akitazama dari asiyotaka kuitazama. Ya pili, iliyoletwa baadaye, ilimlaza, na usingizi ule ndio ulioanza kumrudisha.

Watu hudhani mtu aliyepandwa na kichwa hakumbuki. Généreuse alikumbuka yote. Alikumbuka kamba, na makovu yalikuwa bado kwenye vifundo vya mikono, lakini haikuwa kamba iliyomkosesha amani alipokaa kwenye mashine. Ilikuwa yule shangazi. Alipokuwa akitia uzi kwenye sindano alimwona Edmond akisema lile neno, na uso wake mwema, na hakujua amfanye nini mwanamume aliyemdanganya kwa huruma.

Alikaa na jambo hilo msimu mzima wa mvua. Kisha Jumapili moja, baada ya misa, alipika bugali na sambaza wengi, wale samaki wadogo wa ziwani, akawaita watu wanne. Edmond alikuwa tayari nyumbani. Bagalwa alikuja na njaa yake. Émérance, jirani aliyekuwa akiuza mkaa, alikuja na kiti chake mwenyewe kwa sababu alijua viti vyao havitoshi. Wa mwisho alikuwa infirmie Grégoire, muuguzi wa dispanseri, ambaye kazini aliitwa kwa jina la mababu kama serikali ilivyotaka, na nyumbani kwa watu aliitwa Grégoire. Walikula. Généreuse alingoja wanawe, Lucie na wadogo zake, watoke kucheza, akaondoa sahani.

"Hii kitu itarudi," alisema. "Haikusema siku gani, lakini itarudi. Muganga Grégoire anajua, na mimi najua. Leo kichwa iko chini. Nataka niseme leo namna mutanifanyia."

Edmond alijisogeza kitini. "Mama Lucie, tusiite mabaya kwa mudomo."

"Siiti. Mutu akiweka ndoo chini ya paa yenye kuvuja, haiko anaita mvua."

Akaendelea. Alisema kwamba mtu wa kwanza kuona atakuwa Émérance, kwa kuwa Émérance humwona akishona. Akiona Généreuse anakata kitambaa bila kupima, asiseme ni haraka ya kazi. Au akimsikia anamwambia Edmond kila kitu kwa Kifaransa. Hapo Émérance achukue mkasi, atoe na bobini ya uzi kwenye mashine, ili vitambaa vya watu visiharibike, kisha awachukue watoto walale kwake. Asimwite dada yake wa Bukavu. Dada yake hulia, na yeye akiwa katika hali ile hawezi kumvumilia mtu anayelia.

Émérance alisema sawa. Alisema mkasi ataukalia, kwa maana hakuna atakayeutoa hapo.

"Kamba sitaki," Généreuse alisema. "Kama lazima munishike, munishike na mikono. Na ile chumba ya maombi sitaki nirudi kule, hata nikisema Bikira Maria ndiye amenituma. Nitakaa hapa, chumba ya nyuma, dirisha imefungwa. Grégoire atakuja na sindano ya kulaza. Ile ya kupinda shingo sitaki."

Grégoire aliweka glasi chini. Alikuwa mtu mpole lakini alikuwa na diploma. "Mama, mugonjwa hachague sindano kama mutu anachagua bia."

"Ulipochagua wewe, nilitazama dari siku ngapi?"

Grégoire hakukumbuka. Généreuse hakumkumbusha.

"Mi siko nakufundisha kazi," alisema. "Nakuambia mwili yangu. Siku ile sitaweza kukuambia, sababu nitakuwa niko nakutukana."

Grégoire alifikiri. Alisema atakubali, ila kama atamwona anataka kujiua au kumwua mtu, atamchoma chochote kilichomo mkobani. Généreuse alisema hilo ni haki. Grégoire akaongeza kwamba dawa yenyewe mara nyingine haipo. Hilo Généreuse hakuwa amelifikiria. Bagalwa ndiye aliyesema kwamba ng'ambo, Gisenyi, upande wa Rwanda, kuna farmasi, na mpaka haujakimbia.

Likabaki neno moja. Généreuse alikunja kitambaa cha meza, akakikunjua.

"Lazima mumoja akuwe na neno la mwisho," alisema. "Mukianza kubishana, mimi nitapita katikati yenu kama mbuzi. Nataka akuwe Bagalwa."

Bagalwa aliacha kutafuna kijiti. "Mimi ndiye nilikufunga."

"Ulinifunga, na ulisema unanifunga."

Edmond alitazama mikono yake. Alikuwa mume wa kanisani, mwenye cheti, na hapa mdogo wake asiyejua hata kukunja shati alipewa neno juu ya mke wake. "Na mimi?" aliuliza.

"Wewe utanionea huruma, Papa Lucie. Na mimi nitaitumia ile huruma. Nitakuambia bintu vizuri sana, na utafungua mulango."

Edmond hakukataa. Kilichomwuma zaidi, kama alivyomwambia Bagalwa barabarani jioni ile, ni kwamba ilikuwa kweli.

"Na kama ukikataa siku ile?" Bagalwa aliuliza.

"Nitakataa."

"Sasa nitasikiliza Généreuse gani?"

"Wa leo," alisema Généreuse, akaenda kuchota maji ya kunawa.

Ulipita mwaka na zaidi. Alishona abakosti nyingi, na watu wakaanza kusahau Jumatano ile, isipokuwa shefu wa avenyu, ambaye hakuweza kusahau. Kisha, mwanzo wa kiangazi, Généreuse aliamka asubuhi moja akiwa na furaha.

Haikuwa furaha ya kitu. Ilikuwa furaha tu, nyepesi, kama mtu aliyevua viatu vinavyombana. Alisali, akapika chai, akakaa kwenye mashine, na karani mmoja wa posta alipokuja kupimwa, Généreuse alimtazama mara moja kutoka kichwani mpaka miguuni, akamwambia kwamba hahitaji kupimwa. Alikata kitambaa hapo hapo. Alishona siku hiyo yote. Karani aliporudi kuchukua koti lake, lilimkaa vizuri kuliko koti lolote alilowahi kuvaa, na jambo hilo liliwasumbua watu baadaye, kwa maana Émérance aliliona lile koti, akaanza kujiuliza kama kweli ni ugonjwa.

Alijiuliza siku mbili. Edmond naye alikuwa akijiuliza, kwa sababu mkewe alimwamsha alfajiri kumweleza, kwa Kifaransa kizuri, jinsi ghala la kahawa linavyopaswa kuendeshwa, na mengi ya hayo yalikuwa na akili. Hakumwambia mtu. Siku ya tatu Généreuse alikata pamoja vitambaa vya wateja wawili, akasema nchi ni moja. Émérance akasimama, akachukua mkasi, akatoa bobini, akawaita Lucie na wadogo zake. Généreuse alimpiga kofi. Émérance alikwenda zake na mkasi, shavu likimwaka, akamtuma mtu kwenye kituo cha malori.

Bagalwa alikuja na vumbi la njia ya Kiwanja juu ya nyusi. Grégoire aliitwa. Na Généreuse, badala ya kupita akigonga sufuria kama mara ile, aliwakaribisha wote kwenye viti, na Edmond pia. Alikuwa ameoga na kuvaa kitenge kipya. Aliona jinsi kila kitu kilivyokuwa sawa, na akawaonea huruma kwa kutokuona.

"Niliwaita siku moja hapa, nikasema maneno," alisema. "Yalikuwa maneno yangu. Mwenye maneno anaweza kuyarudisha. Basi nimeyarudisha. Neno la mwisho nampa bwana yangu, kama vile kanisa inasema."

Alisema kwa utulivu. Hakugonga kitu. Edmond aliwatazama wengine, na usoni mwake mlikuwa na tumaini. "Anasema vizuri," alisema.

Bagalwa alikuna shingo. Alikuwa mtu wa gia na magunia, na hakupenda maneno yanayozunguka. "Shemeji, ulisema utakataa."

"Nilikosa siku ile."

"Hiyo pia ulisema. Si kwa maneno ile, lakini ulisema utanena bintu vizuri sana, na Edmond atafungua mulango."

"Mulango iko wazi."

Bagalwa aligeuka kuutazama. Kweli ulikuwa wazi. Alisimama, akaufunga, akarudi akakaa mbele yake.

"Shemeji, nakuzuia kutoka," alisema. "Sikufunge. Grégoire atakuchoma sindano, na mimi nitashika mikono."

Hapo ndipo Généreuse alipomchukia. Hakupata kumchukia mtu hivyo, wala kabla wala baada. Ilikuwa kama mtu aliyepita mtoni kwa maji safi, kisha mwingine akamvuta kwa nguo. Aliruka, akavunja kioo cha dirisha kwa kiti, na Bagalwa alipomshika kwa nyuma, alimwuma mkono mpaka damu ikatoka.

"Ameniuma," Bagalwa alisema, kama mtu anayesema kwamba mvua imeanza.

Grégoire alifungua mkoba. Akatafuta, akatafuta tena, akasema kile alichokuwa amekiogopa tangu atoke dispanseri: sindano ya kulaza haikuwapo. Iliyokuwapo ni ile ya kupinda shingo. Edmond akaanza kuomba. Alisema shingo itanyooka, lakini hili haliwezi kuendelea. Alisema Bagalwa amhurumie. Grégoire naye aliona ni afadhali. Généreuse, mikono yake ikiwa ndani ya mikono ya Bagalwa, alisikia yote, na hata katika hali ile moyo wake ulisimama kusikiliza.

"Anataka kujiua?" Bagalwa aliuliza.

"Hapana," Grégoire alisema.

"Anataka kuua mutu?"

Grégoire aliutazama mkono wa Bagalwa. "Wewe ndiye unajua."

"Mimi niko muzima. Basi ile hapana. Edmond, chukua karatasi zako, uvuke mupaka."

Grégoire akaandika jina la dawa, na Edmond akavuka. Alikwenda kwa miguu, akiwa amevaa koti la ofisi, na watu waliomwona walidhani ametumwa na ghala. Alikuwa haoni anakokanyaga. Baadaye alimwambia mkewe kwamba njia nzima alikuwa akikariri jina la dawa, kama mtoto anayetumwa chumvi, ijapokuwa alikuwa nalo mfukoni.

Bagalwa aliketi mlangoni mwa chumba cha nyuma, mgongo kwenye mwimo mmoja na miguu kwenye wa pili. Généreuse alimtukana kwa Mashi, lugha ya kwao, akamtukana kwa Kiswahili, na mwisho akamtukana kwa Kifaransa, ambacho Bagalwa hakukijua vizuri, na hiyo ilikuwa kama mapumziko. Alimwambia yeye ni mtumwa wa magunia. Alimwambia mama yake alijuta kumzaa. Kisha akamwomba kwa upole amwachie achungulie jua tu. Bagalwa alisema hapana. Généreuse aliomba chai, akapewa, akaimwaga. Grégoire akamletea nyingine.

Edmond alirudi jua likiwa bado juu ya ziwa. Sindano ilipigwa. Bagalwa alimshika, na kabla ya kushika alisema anashika.

Haikuwa dawa ya muujiza. Alilala, akaamka, akapanda tena, akashuka, na wiki kadhaa zilipita kabla hajaweza kukaa kwenye mashine na kupima bega la mtu. Lakini mikono yake haikuwa na alama. Vitambaa viwili tu viliharibika, na akavilipia. Avenyu haikuona kitu, na kwa kuwa haikuona kitu ilijitungia: ilisemekana kwamba Généreuse alikuwa na mimba iliyotoka, na wanawake walimletea maharagwe na uji. Aliupokea uji. Kueleza kungemchosha.

Jambo ambalo hakulipanga ni hasira. Kichwa kilishuka, lakini ile chuki juu ya Bagalwa ilibaki mwilini. Alijua kwamba Bagalwa alifanya kama alivyoambiwa, neno kwa neno. Hata hivyo, alipolisikia lori lake aliiacha mashine, akajifanya yuko chooni. Kwa Émérance aliomba msamaha wa lile kofi siku ya kwanza alipoweza kutembea, na Émérance alisema alikwisha kulisahau, jambo ambalo halikuwa kweli. Kwa Bagalwa hakuweza.

Mwishowe yeye mwenyewe alikuja, bila kupiga honi. Alikaa barazani. Mkono wake ulikuwa na kovu la meno.

"Shemeji, tafuta mutu mwengine," alisema.

Généreuse aliinua mguu kutoka kwenye mashine.

"Ile kazi ulinipa, niliifanya. Lakini silali vizuri. Naendesha, nasikia ile maneno. Najua haiko wewe. Lakini ilikuwa mudomo yako, na ilikuwa mama yangu."

Généreuse alikuwa hajafikiri hata mara moja kwamba aliyekaa mlangoni alikuwa na masikio. Siku ile ya bugali alikuwa amepanga kuhusu mwili wake, na vitambaa, na watoto, na hata machozi ya dada yake. Hakumpangia Bagalwa kitu.

"Nilikuchukia," alisema. "Hata leo asubuhi."

"Niliona. Choo haiko ya kukaa saa nzima."

Hawakucheka, lakini kitu kililegea. Généreuse alimwomba msamaha kwa ajili ya mama yake, kwa jina la mama huyo, kama inavyotakiwa kwao. Bagalwa alipokea. Kisha akasema masharti yake, kwa maana alikuwa nayo. Hatakaa mlangoni peke yake tena. Edmond akae naye, asikie naye, hata kama atalia. Na kama shemeji yake akitaka kuuma, aume mkono wa kushoto, kwa sababu wa kulia ndio wa gia.

"Sitaweza kuchagua siku ile," Généreuse alisema.

"Nitakupa ule wa kushoto."

Usiku haukuingia kabla Généreuse hajamwambia Edmond. Alimwambia kwamba kuna kazi yake sasa, na si kuvuka mpaka tu. Yeye ndiye anayelala naye. Yeye ndiye atakayejua kabla ya Émérance. Siku atakapoamshwa alfajiri kwa Kifaransa, asinyamaze. Amwambie mkewe usoni kwamba kichwa kinapanda.

"Utakasirika," Edmond alisema.

"Nitakasirika."

"Nitakuambia twende kwa shangazi," alisema Edmond, na ilikuwa mara ya kwanza kwake kulitaja lile jambo. Hakumtazama. "Ndivyo mudomo yangu iko inasema, Mama Lucie. Sijui kwa nini."

Généreuse alimwambia aseme sasa, hapo, ajizoeze. Edmond alisafisha koo. Alijaribu, akasema kwamba labda amechoka. Généreuse akamwambia hapana, aseme. Akasema kwamba labda wamwite Grégoire tu awasalimu. Alijaribu mara nyingi kabla hajalisema neno lenyewe, na alipolisema, lilitoka kwa sauti ya ofisini, kama mtu anayemwarifu mteja kwamba gunia ni pungufu. Généreuse alisema inatosha.

Kichwa kilipanda tena mara mbili katika miaka iliyofuata. Mara moja Edmond aliwahi kusema, na mara moja alichelewa. Grégoire alihamishwa Rutshuru, na infirmie mpya alialikwa chakula na kuambiwa yote. Aliona jambo hilo ni la ajabu, lakini alikula vizuri. Lucie alipochumbiwa, Généreuse alimwita yule kijana kabla ya mahari kuzungumzwa, akamweleza mama mkwe wake ni mtu wa namna gani na afanyiwe nini. Kijana alisikiliza. Aliuliza kama ugonjwa huo ni wa ukoo.

Généreuse alimwambia hajui. Akamwongezea samaki.